Tjalling Koopmans, mtu aliyehesabu safari za meli tupu

Kila mtu wa Katanga anajua ile mstari ya makamyo pale Kasumbalesa. Zinashuka na shaba, zinapanda na unga, mafuta, salfa, mashini na vyuma vya migodi. Lakini ukisimama pembeni ya barabara asubuhi moja tu, na ukihesabu kwa vidole, utaona kitu: kamyo mingi zinapita tupu. Mafuta inachomwa, matairi yanalika, shofere analala nje ya nyumba yake, na nyuma ya gari hapana kitu.

Sisi watu wa sindika tumezoea kuuliza mshahara wa shofere ni ngapi. Swali la pili hatuliulizi sana: ile safari tupu inalipwa na nani? Juu ya ile swali njo leo tunaleta maisha ya mtu mmoja wa Uholanzi, aliyekufa sasa miaka 40 na zaidi. Jina lake Tjalling Charles Koopmans. Yeye hakuwa nahodha wala tajiri wa meli. Alikuwa mtu wa karatasi na kalamu. Lakini wakati wa vita kubwa ya dunia alikaa katika biro moja ya Washington, akahesabu safari za meli za mizigo, na hesabu yake ikafungua njia ambayo makampuni ya meli, ya ndege na ya makamyo yanaifuata mpaka leo.

Mtoto wa walimu

Koopmans alizaliwa tarehe 28 Agosti 1910 katika kijiji cha 's-Graveland, Uholanzi. Alikuwa mtoto wa kiume wa tatu. Baba na mama, wote wawili walikuwa wamesomea ualimu, na baba aliongoza shule ya Waprotestanti pale kijijini. Haikuwa nyumba ya utajiri. Ilikuwa nyumba ya vitabu, ya sala na ya muziki, na ule muziki Koopmans hakuuacha mpaka uzee. Alipenda pia mchezo wa shesi.

Alipofika miaka 14, bahati ilimpata. Mfuko mmoja wa zamani wa jimbo la Friesland, kule wazazi wake walikuwa na mizizi, ulikuwa na kawaida ya kumsaidia kijana mwenye akili asome bila kuhangaika. Mfuko ule ulimpa pesa ya masomo mpaka akafika miaka 26. Tunasimama hapa kidogo, ndugu wasomaji. Miaka 12 ya kusoma bila kufukuzwa juu ya minervali! Tunawajua vijana wangapi wa Likasi, wa Kipushi, wa Kolwezi, wenye kichwa kama kile, waliotoka shuleni juu baba alikosa pesa ya muhula mmoja? Koopmans hakuwa malaika aliyeshuka kutoka mbinguni. Alikuwa mtoto wa mwalimu aliyepewa wakati wa kuwaza.

Kwa miaka 17 aliingia chuo kikuu cha Utrecht. Alianza na hesabu, kisha akageukia fizikia kwa mwalimu mkubwa Hans Kramers. Mwaka 1934 alichapisha andiko juu ya elektroni ndani ya atomu, na wanakemia wa leo bado wanalitumia na wanaliita kwa jina lake. Angeweza kubaki kule na kuwa mtu mkubwa wa fizikia. Hakubaki.

Juu ya nini? Juu ya njaa ya watu. Ile miaka ilikuwa ya shida kubwa ya uchumi duniani, ile iliyoanza mwaka 1929. Viwanda vilifungwa, watu wenye mikono na ufundi walikaa bila kazi, na meli zilifungwa kwenye bandari bila mzigo. Hapa kwetu wazee wetu waliiona pia: bei ya shaba ilianguka, na wafanyakazi maelfu walirudishwa vijijini. Koopmans alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliona fizikia imekwenda mbali sana, lakini elimu ya uchumi ilikuwa bado nyuma, imejaa maneno na hesabu kidogo. Alikuwa amesoma pia kitabu cha Karl Marx juu ya mtaji. Kisha akasikia kuna mtu Amsterdam, Jan Tinbergen, ambaye naye alitoka fizikia na kuingia uchumi. Koopmans alihamia Amsterdam mwaka 1934 kumfuata. Mwaka 1936 alipata udaktari wake katika chuo cha Leiden, na mwaka ule ule alioa. Mke wake aliitwa Truus, na walizaa watoto watatu.

Kitabu cha meli za mafuta

Mwaka 1938 Koopmans alikwenda Geneva kufanya kazi katika Ushirika wa Mataifa, kwenye nafasi iliyoachwa na Tinbergen. Na mwaka 1939 alitoa kitabu juu ya meli za kubeba mafuta ya petroli: bei ya kukodi ile meli, na ginsi gani zinajengwa.

Alichokionyesha, mtu yeyote wa migodi atakielewa mara moja. Meli zikikosekana, bei ya kuzikodi inapanda kwa haraka, inapita hata kipimo. Matajiri wanaona faida, wote wanakimbia kuagiza meli mpya siku moja. Lakini meli haijengwi kwa wiki moja. Zinapotoka kiwandani, zinatoka nyingi pamoja, mzigo hautoshi, bei inaanguka, na meli zinafungwa bandarini pamoja na kazi za mabaharia. Kisha zinazeeka, zinapungua, na mchezo unaanza tena. Ukitoa neno meli na kuweka neno kobalti, utafikiri aliandika juu ya sisi.

Vita ilipofika Uholanzi, Mei 1940, Koopmans alikuwa Geneva. Mwezi uliofuata alivuka bahari na mke wake na mtoto wao mdogo, akaingia Marekani. Kule kazi haikumsubiri na mikono wazi. Alifanya kazi za hapa na pale, Princeton, kufundisha New York, kampuni moja ya bima ya maisha. Daktari wa chuo kikuu, mkimbizi, anatafuta mkate. Mwaka 1942 njo alipata kazi Washington, kwa Waingereza waliosimamia meli za biashara. Walikuwa wanafanya kazi ndani ya baraza la pamoja la Waingereza na Wamarekani la kugawa meli za mizigo.

Vita ya meli

Ni lazima tueleze wakati ule ulikuwa wa namna gani. Uingereza ni kisiwa. Chakula, mafuta, chuma, mbao, silaha, vyote vilifika kwa meli. Na manowari za Wajerumani zilikuwa zinawinda meli katika bahari ya Atlantiki. Mwaka 1942 peke yake zilizamisha meli za zaidi ya tani milioni 6. Kwa vita nzima, mabaharia karibu 30,000 wa meli za biashara za Waingereza walikufa. Hawa hawakuwa askari. Walikuwa wafanyakazi: wapishi, watu wa mashini, wachochea moto, na wengi wao walitoka India, Afrika, Uarabuni na China.

Na shaba yetu ilikuwa ndani ya ile hesabu. Kutoka 1940 Kongo ya Wabelgiji iliingia upande wa Waingereza, na shaba ya Katanga ilikwenda kutengeneza risasi na nyaya zao. Wazee wetu walisukumwa kuongeza tani. Maisha yalipanda bei, mshahara ulibaki chini, na Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Pale Elisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Hatusemi Koopmans alijua ile habari. Katika karatasi zilizofika kwenye meza ya Washington, shaba ilikuwa namba ya tani za kupakia. Damu haina safu yake kwenye karatasi ya tani.

Kila mwezi lile baraza lilikuwa na orodha: tani hizi zitoke bandari hii ziende bandari ile. Na meli hazikutosha. Wakubwa waligombana, kila mmoja akilia juu ya mzigo wake. Kazi ya Koopmans ilikuwa kuhesabu. Pale njo aliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho ya wote.

Hesabu yenyewe

Aliona hivi. Kama orodha ya mizigo imekwisha kupangwa, siku ambazo meli zinatembea na mzigo hazibadiliki. Mzigo wa kutoka bandari fulani kwenda bandari fulani unahitaji siku zake, basi. Lakini mizigo ya kwenda haiko sawa na mizigo ya kurudi. Bandari moja inapokea meli nyingi zilizojaa na haina kitu cha kupakia. Bandari nyingine ina mizigo mingi na meli chache zinafika. Kwa hiyo meli zinatembea tupu kutoka kule zimezidi kwenda kule zimekosekana. Ile safari tupu njo mahali peke yake ambapo mtu wa mpango anaweza kuokoa siku. Basi swali linakuwa moja: meli tupu za wapi ziende wapi, ili siku zote tupu, ukizijumlisha, ziwe chache kabisa?

Mtu atasema: ni rahisi, kila meli iende kwenye bandari ya karibu. Tuchukue mfano wetu wenyewe, wa darasani. Bandari A ina meli tupu 10, bandari B ina meli tupu 10. Bandari C inahitaji meli 10, bandari D inahitaji 10. Kutoka A kwenda C ni siku 10, A kwenda D siku 20. Kutoka B kwenda C ni siku 15, B kwenda D siku 40.

Mtu wa haraka anatuma meli za A kwenda C, juu ni karibu, siku 10 tu. Meli 10 mara siku 10, ni 100. Sasa meli za B zinabaki na D peke yake: meli 10 mara siku 40, ni 400. Jumla 500.

Mtu wa Koopmans anageuza. Meli za A zinakwenda D: 10 mara 20, ni 200. Meli za B zinakwenda C: 10 mara 15, ni 150. Jumla 350. Siku 150 za meli zimeokolewa, na hapana meli mpya iliyojengwa, hapana baharia aliyekimbizwa kazi, hapana mzigo uliobaki. Kila mmoja wa A atalalamika kwamba alikuwa na bandari ya karibu na amepelekwa mbali. Lakini ukitazama kundi lote, njo mpango mzuri.

Kwa bandari nne tunaweza kuhesabu kwenye kiganja. Kwa bandari makumi na meli mamia, haiwezekani kujaribu kila mpango. Maisha yako yataisha mbele ya kumaliza. Inatakiwa njia. Na Koopmans alionyesha njia ya kujua kama mpango ni mzuri kabisa ao bado: unaipa kila bandari bei ya meli tupu. Si bei ya sokoni. Ni bei ya hesabu, inayosema meli tupu ikiwa mahali hapa inasaidia kazi yote kwa siku ngapi kuliko ikiwa pale. Ukiona safari tupu moja inayoweza kuleta faida kubwa kuliko siku zake, mpango wako bado una kasoro. Ukikosa hata moja, simama, umefika.

Mwaka ule wa 1942 aliandika andiko juu ya kubadilishana mizigo kati ya njia mbalimbali. Swali lake lilikuwa la vitendo: tukiacha mzigo mmoja kwenye njia hii, tutapata kubeba mizigo mingapi kwenye njia ile? Turudi kwa mfano wetu, na tuweke pembeni siku za kupakia na kupakua. Mzigo mmoja kutoka C kwenda B unachukua siku 15 na mzigo. Lakini ile meli ikishapakua B, itarudi C tupu, siku 15 nyingine. Kwa hiyo ule mzigo unakula siku 30. Mzigo kutoka D kwenda A unakula 20 na 20, ni siku 40. Basi ukiacha mizigo minne ya kwanza, unapata nafasi ya mitatu ya pili. Sasa mtu akileta mzigo wa kutoka B kwenda C, upande ule meli zinarudi tupu? Ule mzigo karibu haukuli kitu, isipokuwa siku za kuweka na kutoa. Meli ilikuwa inakwenda tu!

Kumbe njo sababu wafanyabiashara wetu wenye akili wanajua mzigo wa kurudi una bei ya kupatana. Koopmans aliliweka katika hesabu iliyo wazi, kwa dunia nzima. Lakini andiko lake lilibaki ndani ya biro. Lilichapishwa katika kitabu mwaka 1970, miaka 28 nyuma ya ile siku.

Wengine waliotembea njia ile ile

Ni lazima tuseme ukweli: Koopmans hakuwa peke yake. Kule Urusi ya Wasovieti, Leningrad, kijana mmoja Leonid Kantorovich aliulizwa na kiwanda cha mbao za gundi ginsi ya kugawa kazi kati ya mashini. Akaona ni hesabu ya aina ile ile, na mwaka 1939 akatoa kijitabu. Marekani, mwaka 1941, Frank Hitchcock alichapisha andiko juu ya kugawa mzigo kutoka viwanda vingi kwenda miji mingi. Hawa watu hawakujuana. Vita na mipaka vilifunga midomo. Shida ilikuwa moja, na akili za mahali mbalimbali ziliifikia.

Mwaka 1944 Koopmans alihamia Chicago, kwenye tume ya uchunguzi wa uchumi iliyoitwa Cowles. Mwaka 1946 alipata uraia wa Marekani. Na mwaka 1947 kijana mwingine akagonga mlango wake: George Dantzig, aliyekuwa anafanya mipango ya jeshi la anga. Dantzig alikuwa anatafuta njia ya kuhesabu mipango mikubwa. Mwanzoni Koopmans alimsikiliza bila moto. Kisha ghafla aliona: hii ni ile hesabu yangu ya meli, imevaa nguo pana! Tangu saa ile aliamka kabisa. Mwaka ule ule Dantzig alitengeneza njia ya simpleksi, ile inayotembea kutoka mpango hadi mpango bora, hatua kwa hatua, mpaka hapana bora tena. Wasomi waliiita ile elimu programu lineari. Mwaka 1949 Koopmans aliita mkutano Chicago, wachumi na watu wa hesabu wakakaa pamoja, na kitabu cha ule mkutano, cha 1951, kilikuwa mlango wa elimu mpya.

Meli hazikusahauliwa. Mwaka 1954 Dantzig na mwenzake Fulkerson walichapisha hesabu ya kutafuta meli chache kabisa zinazoweza kutimiza ratiba ya kubeba mafuta. Leo makampuni makubwa ya makontena yanatumia ordinateri kupanga meli gani ipite bandari gani, siku gani, na makontena tupu yarudi wapi. Na makontena tupu bado yanarudi Asia kwa wingi, juu Asia inatuma kuliko inavyopokea. Shida ya 1942 ingali hai. Imekuwa kubwa tu.

Zawadi, na rafiki aliyeachwa nje

Koopmans alikuwa pia mtu wa haki kati ya wenzake. Katikati ya miaka ya 1950, yeye akiwa amehamia na tume yake katika chuo kikuu cha Yale, alipata habari ya kazi ya Kantorovich. Ulikuwa wakati wa vita baridi. Mmarekani kusema kwamba Msovieti alitangulia haikuwa jambo la kupendeza. Koopmans alimwandikia Kantorovich barua, akasaidia kile kijitabu kitafsiriwe, na mwaka 1960 kikachapishwa Marekani. Hakuficha kwamba mwingine alifika mbele.

Mwaka 1975 zawadi ya Nobel ya uchumi ilitolewa kwa Koopmans na Kantorovich pamoja, juu ya elimu ya kugawa mali vizuri. Mmoja kutoka nchi ya mabepari, mmoja kutoka nchi ya wakomunisti, kwa hesabu moja. Lakini Dantzig hakuitwa. Koopmans hakufurahi bure. Iliumiza roho yake kwamba mtu wa simpleksi ameachwa nje. Sehemu ya pesa yake aliitoa, kwa heshima ya Dantzig, kwa taasisi moja ya uchunguzi pale Laxenburg, Austria, ambako wasomi wa Mashariki na wa Magharibi walifanya kazi pamoja. Ni wangapi kati yetu wanaokumbuka mwenzao siku ya kupokea bahasha?

Alikufa New Haven, Marekani, tarehe 26 Februari 1985. Alikuwa na miaka 74.

Na sisi, tunajifunza nini?

Miaka iliyopita, kwenye shantie moja ambayo hatutaitaja, wakubwa walituita sisi madelege. Walisema usafirishaji umekuwa wa bei kali, kwa hiyo mashofere 12 watatoka kazini. Tulirudi nyumbani na hasira. Mmoja wetu, aliyekuwa pointeri kwenye mlango wa makamyo, alileta kayee yake ya shule. Alikuwa anaandika kila gari: inatoka wapi, inakwenda wapi, ina mzigo ao tupu. Usiku watatu tulikaa chini ya lampe tukijumlisha. Tukaona makamyo ya madini yanarudi tupu kutoka kiwandani, na wakati ule ule makamyo mengine yanatoka tupu mjini kwenda kuchukua mchanga na chokaa karibu na kile kiwanda. Biro mbili, kila moja na mpango wake, hazisemezani. Magari yalikuwa yanapishana tupu barabarani!

Tulipeleka ile kayee kwenye mkutano. Hatukuwa na jina la Koopmans wakati ule, wala neno simpleksi. Tulikuwa na jumla za kilometa. Wakubwa walinyamaza, kisha wakachukua kayee. Mashofere saba walibaki kazini, watano walitoka. Na baadaye, ndugu wasomaji, mpango wetu ulipoanza kutumika, ile faida haikuonekana kwenye mshahara wa mtu yeyote. Ilikwenda kule faida inakwenda siku zote.

Pale njo tulielewa kitu kikubwa kuliko hesabu. Hesabu ya Koopmans inatafuta kile umeiambia itafute. Ukiiambia ipunguze siku tupu, itapunguza siku tupu. Ukiiambia ipunguze watu, itapunguza watu, bila chuki na bila huruma. Ukisahau kuandika kwamba shofere lazima alale saa nane, mpango bora utamnyima usingizi, na utaitwa bora. Katika vita, mpango wa meli ulikuwa wa kuokoa nchi isife njaa, na siku 150 zilizookolewa zilikuwa unga na risasi. Katika kampuni, siku zile ni pesa, na pesa ina mlango wa kuingilia. Swali la nani anaandika lengo, na nani anaandika mipaka ya mpango, si la hesabu. Ni la mezani, kati ya wafanyakazi na mabosi.

Lakini ukienda kwenye ile meza bila hesabu, utapigwa. Hasira peke yake inamfurahisha bosi, juu anajua itaisha jioni. Namba haziishi jioni. Kwa hiyo tunawaambia vijana wetu wa sindika: jifunzeni kuhesabu. Si lazima kufika Utrecht. Anzeni na kayee mlangoni: gari hii, saa hii, na mzigo ao tupu. Mashini hii ilisimama saa ngapi, ikingoja nini. Ekipe hii ilitembea kilometa ngapi mbele ya kuanza kazi. Kule kuna kupoteza, kuna mshahara wenu umefichwa, na wakubwa mara nyingi hawajui hata wao.

Na kwa wazazi, na kwa wale wenye mifuko: kumbukeni ule mfuko wa Friesland. Pesa ya kijiji kimoja ilimlinda mtoto wa mwalimu miaka 12, na yule mtoto akafundisha dunia ginsi ya kupeleka meli. Hapa Katanga kuna mtoto anayehesabu makamyo pembeni ya barabara kwa mchezo, na kichwa chake kiko sawa na cha Koopmans. Mwezi wa tisa shule zitafungua. Tumlipie.